Njia ya Basi Isiyo na Basi Hailindiki

Huenda ukajiuliza ni kwa nini jarida hili dogo, linalosomwa na jamaa wa misikiti ya Same, Hedaru, Gonja na vijiji vya milimani, litumie karatasi yake kuzungumzia mabasi ya Dar es Salaam. Swali hilo aliniuliza mzee mmoja baada ya swala ya Ijumaa, tulipokuwa tumekaa barazani tukisubiri jua lipungue. Nami nikamjibu kwa swali: "Mzee wangu, una watoto wangapi Dar?" Akasema anao wanne. Wawili wako Mbagala, mmoja Kimara, na wa mwisho anaendesha bodaboda, hajulikani usiku analala wapi. Nikamwambia, basi habari hii ni yako kuliko ilivyo yangu.

Ni nyumba chache katika milima ya Upare zisizokuwa na mtu Dar es Salaam. Tangawizi inayolimwa Mamba Myamba husafiri kwenda huko. Mgonjwa aliyeshindikana hapa na Moshi huandikiwa barua ya kwenda Muhimbili. Na anayepanda basi Same asubuhi, baada ya kukaa kitini kwa zaidi ya kilometa 400, hateremki tena Ubungo kama tulivyozoea, bali Mbezi Luis, katika Kituo cha Magufuli kilichoanza kutumika mwaka 2021. Hapo ndipo safari ya pili inapoanza, na kwa mama mwenye mtoto mgonjwa mgongoni na kikapu mkononi safari hiyo ya pili yaweza kumchosha kuliko ile ya kwanza. Kutoka Mbezi kuingia mjini kuna Barabara ya Morogoro, na kuanzia Kimara, katikati ya barabara hiyo, kuna njia mbili zilizotengwa kwa ajili ya mabasi tu. Watu wameyapa mabasi hayo jina la mwendokasi.

Wala sisi wa Same si wageni wa kufikiri juu ya mabasi. Tarehe 28 Juni 2025, hapa hapa Sabasaba, basi kubwa na basi dogo yaligongana yakashika moto, wakafa watu takriban 40. Mwenyezi Mungu awarehemu. Tangu siku hiyo, mtu akitaja neno basi mbele yetu hatulichukulii kama neno la mzaha.

Ninalotaka kulisema leo ni jambo moja. Kwa miaka mingi imezungumzwa sana kwamba tatizo la mwendokasi ni watu wanaovamia njia yake: bodaboda, bajaji, magari ya wakubwa. Ni kweli wanavamia, na ni kosa. Lakini mimi naona uvamizi ule ni dalili, na ugonjwa wenyewe ni upungufu wa mabasi. Njia ya basi inalindwa na basi. Basi lisipopita, hakuna ukuta, wala askari, wala tangazo litakaloilinda kwa muda mrefu.

Tuanze na tulikotoka. Dar es Salaam ilikuwa na kampuni ya mabasi tangu mwaka 1949, ikiitwa DMT. Kampuni hiyo ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 ikagawanywa: KAMATA ikachukua safari za mikoani, UDA ikabaki na usafiri wa jiji. Wazee watayakumbuka mabasi marefu ya Ikarus. Mji ukakua, fedha za kigeni za kununulia vipuri zikakosekana, mabasi yakalala. Mwaka 1983 Serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi, na kwa kuwa nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu ambayo watu waliiita dala, jina la daladala likazaliwa hapo. Nawaomba wasomaji vijana walitazame vizuri tukio hilo. Daladala haikuja kwa sababu watu waliichoka UDA kwa moyo mbaya. Ilikuja kwa sababu kituoni kulikuwa na watu na basi halikuwapo.

Miaka ishirini baadaye, jiji likiwa limejaa vipanya na makondakta wanaosukuma wanafunzi mlangoni, Meya wa Jiji wa wakati huo, Kleist Sykes, alikuwa miongoni mwa walioshughulikia wazo la kutenga njia za mabasi, kama walivyofanya Curitiba huko Brazili tangu mwaka 1974 na Bogotá huko Kolombia tangu mwaka 2000. Mwaka 2007 ikaundwa taasisi ya Serikali ya kusimamia kazi hiyo, yaani Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka, DART. Ikapangwa kujenga kwa awamu sita. Awamu ya kwanza, takriban kilometa 21, ilijengwa kutoka Kimara hadi Kivukoni, ikiwa na matawi ya Morocco na Gerezani, Kariakoo, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mabasi yakaanza kubeba abiria Mei 2016, na Januari 2017 Rais Magufuli akauzindua mradi rasmi.

Nilipanda mwaka ule wa kwanza. Nakiri kwamba nilistaajabu. Safari ya Kimara hadi Kivukoni ambayo kwa daladala ilikula saa mbili na zaidi ilikwisha chini ya saa moja, nami nilikuwa nimekaa, na dirishani nikiyaona magari ya kifahari yamesimama katika foleni. Mlalahoi alikuwa anampita tajiri barabarani, tena kwa nauli ya shilingi 650! Mwaka 2018 jiji likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, likiwa jiji la kwanza barani Afrika kuipata. Haikuwa tuzo ya bure. Wakati ule ilistahiki.

Sasa njoo kwenye hesabu. Mpango wa awamu ya kwanza ulihitaji mabasi 305. Huduma ilianza ikiitwa ya mpito, na mabasi 140: marefu yenye kiungo katikati 39, na ya kawaida 101. Yaani njia ilifunguliwa ikiwa na chini ya nusu ya mabasi yake. Na siku hiyo hiyo, daladala zilizokuwa zikibeba watu katika barabara ile zilikuwa zimeondolewa na kupangiwa kwingine. Abiria akaambiwa: gari lako la zamani halipo, la mpya lipo nusu.

Huenda mtu akasema nusu si haba. Naomba tukae kidogo hapa, kwa sababu ndipo watu wengi wanapokosea. Tuchukulie kwa mfano kwamba basi linakwenda na kurudi kwa dakika 120. Ukitaka basi lipite kituoni kila baada ya dakika 2, unahitaji mabasi 60. Kwa saa moja yatapita mabasi 30, na kila moja likibeba watu takriban 150, umebeba watu 4,500. Ukiwa na mabasi 30 tu, utadhani utabeba nusu yake, 2,250. Hutabeba. Basi likichelewa, watu wanaongezeka kituoni. Watu wakiongezeka, mlangoni kunakuwa na vita, anayeteremka hapati pa kupita, mlango haufungi, dereva anasubiri. Basi linalotakiwa kusimama nusu dakika linasimama dakika mbili, na hivyo hivyo kituo hadi kituo. Safari ya dakika 120 inakuwa ya 150. Kwa hiyo yale mabasi 30 yanapita kila baada ya dakika 5, wala si 4. Kwa saa moja ni mabasi 12, watu 1,800. Umepungukiwa nusu ya mabasi, umepoteza zaidi ya nusu ya huduma. Na waliobaki kituoni saa ile hawaendi nyumbani kulala. Wanajumlishwa na wa saa inayofuata.

Ndiyo maana mtu aliyezoea kuona msongamano wa vituo vya mwendokasi jioni hapaswi kusema tu kwamba Watanzania hawajui kupanga foleni. Wapo waliosema hivyo, tena kwa dharau. Kwa hakika watu hao hao, ndani ya misikiti, hupanga safu iliyonyooka bila askari. Weka basi kila baada ya dakika mbili uone kama hawatapanga foleni.

Katika msongamano ule kuna jambo jingine ambalo sisi hatuwezi kulinyamazia. Mama, binti wa shule, bibi kizee, wote wanasukumwa na kubanwa katikati ya wanaume kwa mwendo wa kilometa nyingi, na mwizi wa mfukoni anapata riziki yake humo. Mwenye gari lake hayaoni haya. Anayeona ni binti yako aliyekwenda kusoma au kufanya kazi za watu, naye akipiga simu nyumbani hasemi, kwa sababu ya aibu. Heshima ya mtu haikupasa kuwa sehemu ya nauli.

Kwa nini mabasi hayakufika 305? Sababu ni nyingi na zimeshikana. Karakana ya mabasi ilijengwa Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi, mahali ambapo kila mtoto wa Dar anajua kuwa mvua za masika zikija mto unatanda. Maji yakaingia, si mara moja, yakaharibu mabasi, na mara nyingi barabara yenyewe pale Jangwani ikafungwa, njia ikakatika vipande viwili. Sitaki kuwa mtu wa kulaumu jambo lililokwisha, lakini aliyeweka mabasi ya umma katika njia ya mto alikuwa na macho kama sisi. Mabasi mengine 70 yaliyoletwa mwaka 2018 yakakaa bandarini kwa muda mrefu kwa mzozo wa kodi, huku watu wakining'inia milangoni. Mashine za tiketi zikazimika, tiketi za karatasi zikarudi, na penye karatasi fedha huvuja. Umiliki wa kampuni inayoendesha ukazozaniwa. Nauli nayo ilipangwa na Serikali chini ya kiwango alichoomba mwendeshaji, jambo la huruma kwa abiria, lakini huruma hiyo haikuambatana na fungu la kununulia vipuri. Basi linalobeba watu kupita kiasi huchakaa upesi. Likilala, mwenzake huongezewa mzigo, naye hulala.

Hapo sasa ndipo tunapofika kwenye uvamizi.

Msomaji wa Same ataelewa jambo hili kuliko msomaji wa Dar, kwa sababu sisi tuna ndiva. Vijana wetu waliokulia mjini huenda hawajui, kwa hiyo nieleze: ndiva ni bwawa la kukinga maji ya kijito usiku, na asubuhi linafunguliwa maji yateremke kwa mfereji mashambani, kila kundi kwa zamu yake. Huko Vudee na Bangalala watu wamelima hivyo tangu enzi za mababu. Mfereji una msimamizi, na mwizi wa maji anatozwa. Sasa niambie, msimamizi yule anapata wapi nguvu? Hana bunduki. Nguvu yake ni kwamba maji yanapita, na kila mtu anajua zamu yake itafika na maji atayapata. Mfereji ukikauka msimu mmoja, miwili, utaona mmoja anapitisha ng'ombe ndani yake, mwingine anapanda migomba pembeni, wa tatu anachota udongo wa kufyatulia matofali. Mwite kwenye baraza umshitaki. Atakuuliza, nimeiba maji yapi?

Hivyo ndivyo ilivyokuwa barabara ya Kilwa. Awamu ya pili, kutoka mjini hadi Mbagala, zaidi ya kilometa 20, ilijengwa kwa zege zuri, na vituo vikasimama. Mabasi hayakuja mpaka mwaka 2025. Katika muda huo wote watu wa Mbagala, ambao ni maskini wengi na wanaoamka alfajiri, walisimama pembeni wakisongamana katika daladala, huku katikati ya barabara ipo njia pana, safi, tupu. Nani angetegemea isivamiwe? Bodaboda waliingia, magari yakaingia, watoto wakacheza mpira. Kisha siku mabasi yanapofika, dereva wa bodaboda aliyeizoea njia ile kwa miaka anaambiwa kuanzia leo ni kosa. Mazoea ya miaka hayafutwi kwa tangazo la siku moja, na baadhi yao wanalipa kwa damu. Basi la tani nyingi lililo katika mwendo wake halina uwezo wa kusimama ghafla kwa ajili ya pikipiki iliyochomoka pembeni.

Katika sheria yetu tunajua habari ya waqfu. Kiwanja kikishawekwa waqfu, si mali ya mtu tena, wala mwenye cheo hawezi kukimega. Lakini mwangalizi wa waqfu hakupewa kazi ya kuzungushia ukuta tu. Kazi yake ya kwanza ni kuhakikisha kiwanja kinatoa ile manufaa kiliyowekewa. Misikiti kadhaa ya nchi hii imepoteza viwanja vyake kwa njia hiyo hiyo: kiwanja kilikaa kitupu, jirani akaweka banda la kuku, akaongeza chumba, mwishowe akaenda na hati. Mwangalizi alikuwapo wakati wote. Njia ya mabasi nayo ni kitu kilichowekwa kwa ajili ya wengi, na aliyekabidhiwa ataulizwa kwanza juu ya manufaa, kisha ndipo aulizwe juu ya ukuta.

Hatari ninayoiona ni kubwa kuliko foleni. Njia inayokaa tupu haivamiwi tu na pikipiki. Huvamiwa na hoja. Mwenye gari aliyekwama pembeni huitazama njia ile na kusema: kwa nini tusiigawane? Huko Delhi, India, ilijengwa njia ya mabasi ya kilometa 5.8 kutoka Ambedkar Nagar hadi Moolchand, ikafunguliwa mwaka 2008. Wenye magari wakapiga kelele, wakaenda mahakamani. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Delhi ikawakatalia. Pamoja na ushindi huo, kelele hazikuisha, na mwaka 2016 serikali ya pale ikaibomoa njia. Mahakama iliilinda, siasa ikaiangusha. Na karibu zaidi na sisi, jijini Nairobi, mwaka 2018 ilichorwa mistari myekundu katika Barabara ya Thika kuonyesha njia ya mabasi ya haraka. Mistari ilikuwapo, mabasi hayakuwapo, matatu na magari madogo yakapita juu yake kama kawaida, na watu wakaifanya kichekesho. Rangi ile iliwafundisha madereva wa Nairobi jambo moja baya, kwamba mstari barabarani ni pambo.

Wapo wanaosema dawa ni adhabu: kamata pikipiki, toza faini, weka kamera. Sipingi. Adhabu inahitajika, ila ianzie juu. Mtoto wetu wa bodaboda anapokamatwa na kunyang'anywa chombo kilichonunuliwa kwa mkopo, na dakika hiyo hiyo gari kubwa la ofisi lenye vioo vyeusi linapita katika njia ile ile likipigiwa saluti, askari yule hakulinda njia. Amefundisha kuwa njia ni ya mwenye nguvu. Gari la wagonjwa na la zimamoto yana haki ya dharura, na hakuna mwenye akili atakayeyanung'unikia. Kuchelewa kikao si dharura.

Wapo pia wanaosema tuachane na jambo hili, turudishe daladala barabara yote. Kauli hiyo naielewa, maana imetoka kwa watu waliochoka. Hata hivyo Dar es Salaam ya sensa ya mwaka 2022 ina watu 5,383,728. Hakuna barabara itakayowatosha watu hao wakipanda Hiace na gari la mtu mmoja mmoja. Anayetaka kuiua njia ya mabasi aseme pia watu hao tuwapitishe wapi. Ninalolikubali katika kauli hiyo ni hili: haikuwa haki kuondoa daladala siku ya kwanza kabla mabasi hayajatimia. Gari la zamani lingeondolewa kwa kadiri ya jipya linavyofika, moja kwa moja, kama mtu anayehama nyumba asivyong'oa mlango wa zamani kabla ya kupata ufunguo wa mpya.

Na wapo wanaosema mwendeshaji awe Serikali, wengine wanasema awe mtu binafsi. Mimi sina mapenzi na upande wowote. Tumeona UDA ya Serikali ikilala, na tumeona ya ubia ikilala. Abiria hapandi jina la mmiliki. La kuuliza ni kama mkataba unamlipa mwendeshaji kwa safari alizozifanya kwa wakati, na unamkata asipozifanya, au unamwachia akusanye nauli na kutoa visingizio.

Mwanzoni mwa Oktoba 2025 uvumilivu ulikatika. Watu wenye hasira walirushia mawe mabasi katika barabara ya Morogoro. Siwezi kulihalalisha jambo hilo. Jiwe lile lilikuwa linavunja kioo cha basi ambalo mrushaji mwenyewe alilihitaji kesho yake, na ndani yake kulikuwa na roho za watu. Lakini tazama kilichofuata. Serikali iliruhusu mabasi ya mwendeshaji mwingine, yaliyoletwa kwa ajili ya Mbagala, yaingie pia njia ya Kimara. Kumbe yaliwezekana! Jambo lililoombwa kwa adabu kwa miaka likatendeka kwa siku chache baada ya mawe. Huo ni mfano mbaya sana kuwapa vijana, na aliyeutoa si kijana. Kisha tarehe 29 mwezi huo huo, siku ya uchaguzi mkuu, zikatokea vurugu na vituo kadhaa vya mwendokasi vikachomwa moto. Mtu hachomi kitu anachokiona kuwa ni chake. Wenye mamlaka wangeyatafakari maneno hayo kabla ya kuhesabu gharama za ujenzi.

Nirudi nyumbani. Huku milimani hatuna njia maalumu ya mabasi, na foleni yetu ni ya ng'ombe. Hata hivyo ugonjwa ni ule ule. Barabara nyingi za kupanda vijijini zilichimbwa na wazee wetu kwa msaragambo, kaya kwa kaya, jembe kwa jembe. Siku hizi greda linapita, viongozi wanapiga picha, barabara inahesabiwa kuwa imekamilika. Ni gari gani litapita, mara ngapi kwa siku, halimo katika hotuba. Mwaka mmoja nilikaa na mgonjwa wangu kando ya barabara iliyokuwa imechongwa vizuri tangu alfajiri mpaka karibu adhuhuri. Gari la asubuhi lilikuwa limeshajaa, la pili halikuja, na tulimteremsha kwa bodaboda, akiwa ameshikiliwa katikati ya watu wawili. Barabara ilikuwa nzuri, wallahi. Tungeweza kuilalia.

Kwa hiyo pale viongozi watakapotuambia kwamba awamu nyingine za mwendokasi zinajengwa, kuelekea Gongo la Mboto na Tegeta, au kwamba barabara fulani ya Same inapandishwa hadhi, tusiulize kilometa tu. Tuulize mabasi. Katika misikiti yetu mweka hazina husimama baada ya Ijumaa akasoma: kilichoingia ni hiki, kilichotoka ni hiki, na hata mzee asiyejua kusoma anasikia. Sioni kwa nini kila kituo cha mwendokasi kisiwe na ubao, asubuhi paandikwe kwa tarakimu kubwa: mabasi yanayotakiwa leo ni kadhaa, yaliyoko barabarani ni kadhaa. Ubao haugharimu mkopo wa Benki ya Dunia. Tena uandikwe kabla ya askari kupangwa kukamata pikipiki, ili askari naye ajue analinda nini.

Ama yule mzee wa barazani, aliniomba nimpigie simu mwanawe wa bodaboda nimwonye, kwa kuwa yeye akionya haambiliki. Nilimpigia. Kijana alinisikiliza kwa adabu, akaniita baba mdogo, akasema asubuhi haingii tena katika njia ile pale Mbagala, maana mabasi yanapita kwa kufuatana na mtu hapati nafasi ya kujichomeka. Nikamuuliza, na jioni? Akanyamaza kidogo, kisha akasema jioni inategemea.